Kuhusu pumzi inayokatika usiku

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, hadi pale ulipopiga breki ukamtukana mwenye bodaboda. Umeniuliza mambo mawili: kama hii apnea ya usingizi, yaani pumzi kukatika-katika usingizini, inaweza kunichukua nikiwa nimelala, na kama na wewe utaipata kwa kuwa umetoka tumboni mwangu. Ukaongezea habari ya yule mcheza sinema wa Marekani, Carrie Fisher, aliyefariki Desemba 2016: "Mama, yule alikuwa na hela zote na bado ilimuua." Nakujibu kwa maandishi kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi.

Nianze na huyo marehemu. Ni kweli wachunguzi wa kifo chake waliitaja apnea. Lakini waliutaja pia ugonjwa wa mishipa ya moyo, na mwilini mwake zilikutwa dawa za kulevya za aina kadhaa. Mimi kilevi changu ni chai ya tangawizi. Usinipimie kaburi kwa kifo cha mwingine.

Sasa mimi. Mtu akilala, misuli ya koo hulegea. Yangu inalegea kupita kiasi: ulimi unarudi nyuma, nyama za koo zinakutana, njia ya hewa inaziba. Kifua kinaendelea kuvuta lakini hakiingizi kitu. Oksijeni inashuka kwenye damu, ubongo unashtuka na kuniamsha kidogo tu, hata mwenyewe sijui kama nimeamka. Koo linafunguka kwa ule mkoromo uliokuwa ukikukimbiza chumbani ulipokuja Idi, kisha nalala tena, na mambo yanaanza upya. Wanaopima huhesabu kila mara pumzi inapokatika, au kupungua sana, kwa sekunde 10 au zaidi. Ikiwa chini ya mara 5 kwa saa, huna ugonjwa. Kuanzia 5 mpaka 15 ni hafifu, kufika 30 ni ya kati, ikizidi hapo ni kali. Nilipopimwa Dar niliangukia kwenye kali.

Kwa hiyo kufa kwa kukabwa pumzi moja ikakata moja kwa moja, hivyo unavyoniwazia ukiwa njiani, si kawaida ya ugonjwa huu. Ubongo unaniamsha kila mara. Tatizo ni huko kuamshwa kwenyewe. Kila nikishtuka mwili unamwaga homoni za hofu, mishipa inabana, presha inapanda, moyo unakimbia. Hilo likitokea mara mamia kwa usiku mmoja, kwa miaka, ndipo unakuta presha haisikii dawa, kama ilivyokuwa yangu. Ukiendelea kuacha, yanafuata mapigo ya moyo kwenda ovyo, moyo kushindwa kazi, kiharusi. Kisukari aina ya pili nacho hupenda kuandamana nayo.

Wala sitakuficha kitu, umeshakuwa mtu mzima mwenye watoto. Madaktari wa Mayo Clinic kule Marekani waliandika mwaka 2005 kuhusu watu waliokufa ghafla kwa moyo. Kati ya waliokuwa na apnea, karibu nusu walikufa kati ya saa sita usiku na saa kumi na mbili alfajiri, saa ambazo kwa watu wengine moyo huwa na utulivu zaidi. Kwa hiyo hofu yako ina mzizi. Ila mzizi wenyewe ni moyo uliochoshwa muda mrefu bila matibabu. Mimi natibiwa. Zile simu zako za kabla ya adhana kuangalia kama nimeamka zinanikatia usingizi ninaoutafuta kwa gharama, ziache.

Shangazi yako yeye anashikilia kwamba ni jinamizi, tena la kutumwa. Alinipeleka kwa shehe nikaandikiwa kombe. Nimelinywa, kwa sababu dua haimdhuru mtu na shangazi yako hashindwi mjadala. Usiku nikavaa mashine yangu ya kusukuma hewa. Yule daktari wa kwanza, kabla sijaenda Dar, alikuwa na maelezo mepesi zaidi ya hayo: uzee, na mawazo ya kustaafu. Wanawake tunaambiwa hivyo sana. Hedhi ikikoma hatari ya ugonjwa huu inapanda, na wengi wetu hatuendi kulalamika kwamba tunakoroma. Tunasema tumechoka, kichwa kinauma asubuhi, usingizi hauji. Nani atawaza koo?

Umeuliza pia kwenye mashine kuna dawa gani. Hamna dawa yoyote. Mashine hiyo, jina lake CPAP, inavuta hewa ya chumba hiki hiki, inaichuja, inaisukuma puani kwa nguvu ndogo isiyokoma, na koo linasimama wazi kama tairi linavyosimamishwa na upepo. Aliyeitengeneza ni daktari wa Sydney, Australia, Colin Sullivan, mwaka 1980, na mwaka uliofuata akaitangaza kwa madaktari wenzake. Siku za mwanzo niliichukia. Barakoa ilinichora mashavu, hewa ikawa inavujia machoni. Ilipobadilishwa nikapewa ndogo ya kukaa puani, tukaelewana. Lile tangi la maji ya kulainisha hewa silitumii kabisa. Kwa unyevu huu wa Mikindani ningekuwa nakunywa hewa, si kuivuta.

Umeme ukikatika (na huku unajua wenyewe) sizibwi pumzi. Barakoa ina vitundu, na kabla sijafika mbali joto linaniamsha, naivua. Naendelea kulala kwa ubavu, maana chali ndiko ulimi unakorudi nyuma zaidi. Ile betri ya sola uliyosema utanitafutia naitaka, lakini fundi aangalie kwanza adapta inayokubali mashine yangu. Usije ukaunga nyaya mwenyewe kama ulivyofanya kwenye redio ya marehemu baba yako.

Lakini usidhani nimevaa hirizi. Mwaka 2016 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa, watu zaidi ya 2,600 waliokuwa na apnea na tayari wana ugonjwa wa moyo au wamewahi kupata kiharusi. Waliopewa CPAP hawakupungukiwa na kiharusi wala shambulio la moyo kuliko wasiopewa. Walichopata ni usingizi wa mchana kupungua, kukoroma kupungua, na moyo wa furaha kuongezeka. Wapo wanaosema ni kwa sababu waliivaa kwa wastani wa saa 3 na kidogo tu kwa usiku, na huenda wana hoja. Mimi nimechukua hivi: naivaa usiku wote, na vidonge vya presha navimeza vile vile, na chumvi kwenye ming'oko nimepunguza. Nusu ya raha ya ming'oko ni chumvi, lakini basi. Mwili nao umeanza kupungua. Ipo dawa ya sindano, tirzepatide, ambayo Marekani waliiruhusu Desemba 2024 kwa wanene wenye apnea ya kati na kali, lakini hiyo ni habari ya kusoma tu, si ya pensheni yangu.

Haya, swali la pili, ambalo uliliuliza haraka haraka ukalipita. Mimi ndilo lililoninyima raha.

Ugonjwa wenyewe haurithiwi moja kwa moja, ila vinavyouleta vinarithiwa: umbo la taya, upana wa koo, shingo, tabia ya mwili kunenepa. Taya lako ni langu, kila mtu anasema. Chukua utepe wa fundi cherehani ujipime shingo. Ikizidi sentimita 40, hiyo ni alama mojawapo wanayoiangalia. Nyingine unazo bila kupima: wewe ni mwanaume, na mkamwana wangu ameniambia unakoroma mpaka mtoto anahamia sebuleni, kisha unanyamaza ghafla, yeye anakaa anasubiri uvute pumzi. Usimgombeze. Mimi ndiye niliyemuuliza.

Na wewe unaendesha Fuso, baba. Msimu wa korosho unabeba magunia kutoka Newala na Tandahimba kuja bandarini, unageuza usiku huo huo kwa sababu tajiri anataka safari ya pili. Dereva mwenye apnea isiyotibiwa hatari yake ya ajali ni kama mara mbili ya dereva mwingine, au zaidi. Mimi nikisinzia mchana naangukia kwenye mkeka. Wewe ukisinzia kwenye mteremko wa Makonde, hata sekunde nne, sitaki kuandika. Umeniambia unajichangamsha kwa vile vinywaji vya makopo. Vinakufumbua macho, koo havilifungui. Na uraka wa jioni ukiupenda kiasi gani, pombe yoyote inazidi kuilegeza ile misuli. Vidonge vya usingizi vivyo hivyo.

Najua unachoogopa ni tajiri kusikia akakunyang'anya gari. Ni hofu ya haki, nyumba inakula kwa gari hilo. Lakini dereva anayetibiwa anarudi kazini, usingizi wa mchana huanza kupungua ndani ya siku chache za kuvaa mashine. Si lazima umwambie mtu kabla hujajua unacho au huna.

Kwa hiyo ukishusha mzigo unaofuata usigeuze. Njoo ulale hapa, asubuhi twende wote hospitali ya Ligula. Wataanza na presha, uzito, shingo na maswali: unasinzia ukiwa umekaa, ukisoma, ukiwa abiria kwenye gari? Jibu kweli, usijibu kidereva. Wakiona dalili watakuandikia rufaa ukapimwe usiku kucha, na nauli ya Dar tutachanga. Mkeo aje naye, maana wewe ukiulizwa unalalaje utasema unalala vizuri sana. Na kabla ya hapo akurekodi kwa simu usiku mmoja, dakika chache zinatosha, hasa pale unaponyamaza. Daktari wangu alipata mengi kwenye rekodi ya namna hiyo kuliko kwenye maelezo yangu yote.

Ukipita Kariakoo kabla ya hapo, niulizie vichujio vya mashine. Sampuli nimempa dada yako, usinunue bila kulinganisha.

Mama yako,
Mikindani