Kabla hujarudi kwenye maji makubwa

Mama yangu, salama? Meseji yako nimeiona, unauliza eti baba mi nimekaa miaka mingi sijaogelea ziwani wala baharini, nikirudi sasa hivi si ntakuwa sawa tu, maana kuogelea hakusahauliki? Nimefurahi kweli. Ila jibu langu ni nusu ndiyo nusu hapana. Kinachokumbuka ni kichwa, kinajua ulikuwa unafika wapi na kurudi bila shida, mabega na pumzi havina habari hiyo kabisa, na kubaya ni kwamba unakuja kugundua ukiwa tayari uko mbali.

Kwa hiyo anzia bwawani, lakini na bwawa nalo linadanganya, kila baada ya muda kidogo unagusa ukuta unapumzika bila hata kujua umepumzika. Kipimo changu mimi: kama huwezi kuogelea bwawani mara mbili ya ule umbali unaoutaka, bila kushika ukuta, basi bado. Ukiwa hukohuko jizoeshe kuinua macho kila baada ya mikono kadhaa utazame mbele, kwenye maji ya wazi hakuna mstari chini wa kukuongoza.

Sasa baridi, hapa naomba unisikilize vizuri. Maji yakiwa chini ya nyuzi 15 hivi, ukizama ghafla mwili unavuta pumzi wenyewe, hukuuliza wala hukupanga, na kama mdomo uko chini ya maji unavuta maji. Moyo unaenda mbio, presha inapanda. Hii haijali wewe fundi kiasi gani, wanaojua kuogelea wanakufa hapo dakika za mwanzo, karibu kabisa na ukingo. Kwa hiyo usijirushe, ingia kwa kutembea, jimwagie usoni na shingoni, ngoja. Pumzi ikikukimbia usipigane, lala chali uelee tu, dakika moja mbili tatu itatulia yenyewe, hapo ndo uanze kuogelea. Na usikae sana, kwenye baridi kali mikono inakufa ganzi taratibu wakati wewe bado unajiona una nguvu. Ukitoka ndo usijidanganye yameisha, mwili unaendelea kupoa hata nusu saa, vua nguo mbichi haraka, jikaushe, vaa za kutosha, kunywa kitu cha moto, maji ya moto ya kuoga yasubiri, na gari usiendeshe wakati unatetemeka.

Halafu ogelea sambamba na ufukwe, pale unaposimama miguu inagusa, achana na mambo ya kwenda kilindini. Anza kwa kupinga mkondo ili ukichoka maji yakurudishe. Ukibebwa na mkondo unaoenda nje usishindane nao, katiza pembeni kufuata ufukwe mpaka ukuachie ndo urudi, ukishindwa elea, punga mkono, piga kelele, aibu ya nini.

Usiende peke yako, hilo silijadili. Na mtu wa ukingoni awe anakuangalia wewe, sio yuko bize na simu. Funga boya la rangi kali kiunoni, kofia pia iwe ya kung'aa, madereva wa boti kichwa cha mtu hawakioni kirahisi. Pombe hapana. Mvua kubwa ikinyesha acha siku mbili hivi, uchafu wote wa nchi kavu unakuwa umeshukia majini utarudi na tumbo. Na kile kifua ulichosema kinabana ukipanda ngazi, daktari kwanza, maji baadaye, sitaki kusikia kingine.

Ukishapanga nitumie siku, saa, na namba ya huyo atakayekaa ukingoni, ntampigia mwenyewe. Mama yako anakusalimia, anasema ye hajakubali bado.

Baba