Diodi ya polima inayofifia: angalia upande wa alumini
Mdogo wangu, umeuliza kwa nini diodi yako ya PPV (polima inayotoa mwanga umeme ukipita) inakula volti nyingi na bado inafifia. Elektroni zinakwama mlangoni, pale alumini, elektrodi inayozitoa, inapokutana na polima. Kuzing'oa kwenye alumini kunadai kama eV 4.3 (elektronivolti, kipimo cha nishati), kwa hiyo zinakuta ukuta mrefu kabla ya kuingia kwenye polima. Kalsiamu, yenye eV 2.9, inaushusha, ila kwa unyevu huu wa Dar itageuka unga mweupe hata hujapima. Bila boksi la naitrojeni, yaani boksi lililofungwa lisilo na unyevu wala hewa ya kawaida, achana nayo. Badala yake, ili kushusha ukuta huo, weka lithiamu floraidi kati ya polima na alumini, unene usizidi nanomita 1 hivi. Ukizidisha, inazuia umeme. Upande wa pili, wa ITO (elektrodi inayopitisha mwanga), tabaka la PEDOT:PSS, polima inayopitisha umeme, linatosha, mradi ulikaushe vizuri.