Jibu: Je, mafunzo yanaweza kuzuia ulaghai katika ununuzi wa jeshi?
Ndugu, umeuliza kama kuwafunza maofisa kunazuia ulaghai katika ununuzi wa jeshi au ni kupoteza muda tu. Kunasaidia, ila inategemea nani anafunzwa na anafunzwa nini. Leonard Francis, mkandarasi aliyekiri mwaka 2015 kuwahonga maofisa wa jeshi la wanamaji la Marekani, aliwanasa watu wenye vyeo, si makarani waliokosa darasa. Kwa hiyo semina ya maadili ya siku moja (tunazijua, chai na mandazi) haitoshi.

Nilipokuwa nikifundisha makarani wa bohari hapa Nairobi, niliwapa kotesheni (karatasi za bei) tatu za kampuni tofauti wazilinganishe. Wote walikimbilia bei. Mmoja tu ndiye aliyegundua kwamba zote zilikuwa na kosa lile lile la tahajia na namba moja ya simu, dalili kwamba zimeandikwa na mtu mmoja anayejifanya kampuni tatu. Sheria yetu ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 inakataza njama za namna hiyo, lakini karani asiyejua zinavyoonekana kwenye karatasi ataziidhinisha kwa nia njema. Zoezi kama hilo liwafikie pia wanaopokea mizigo, ambao mara nyingi hutia sahihi kwamba jozi 500 za buti zimefika kabla hata katoni hazijafunguliwa.