Picha za chupa rejekti zinajaza diski: nihifadhi vipi?

Swali: Habari za kazi, mhandisi. Mimi ni fundi wa zamu kwenye kiwanda cha kufungasha mafuta ya alizeti hapa Kizota, Dodoma. Tuna kamera moja ya rangi, megapikseli 5, inayokagua kifuniko, lebo na ujazo wa chupa za lita 1. Laini inakwenda chupa 120 kwa dakika, saa 8 kwa siku, na rejekti ni kama asilimia 2. Tuliagizwa kuhifadhi picha ya kila chupa inayokataliwa. Diski iliyokuwa na nafasi ya GB 200 ilijaa ndani ya siku 12. Tena tangu tuwashe uhifadhi, mara mojamoja silinda ya hewa inasukuma chupa nzima na kuiacha mbovu ipite. Ninunue diski kubwa zaidi?

Jibu: Nzuri, fundi. Usinunue diski bado. Anza na hiyo silinda, maana diski iliyojaa inakunyima picha tu, lakini silinda ikikosea, chupa isiyobana kifuniko inaingia kwenye katoni na kwenda dukani.

Chupa 120 kwa dakika ni chupa moja kila milisekunde 500. Tuseme kutoka kwenye kamera hadi kwenye silinda ni sentimita 40 na mkanda unatembea sentimita 40 kwa sekunde (pima vya kwenu kwa futi na saa). Basi PLC (kompyuta ndogo inayoendesha mashine na silinda) inalisubiri jibu la kamera kwa sekunde 1 tu. Kupiga picha, kuisafirisha na kuichambua huenda kunachukua milisekunde 150. Kuandika faili la MB 15 kwenye diski ya kawaida kunaongeza nyingine 150 hivi. Jumla 300, kwa hiyo siku nyingi mambo yanaenda sawa. Tatizo linakuja pale programu ya kuzuia virusi inapolikagua faili hilo hilo, au mtu anapofungua folda ili aangalie picha. Hapo uandishi unaweza kuvuka sekunde nzima, jibu linachelewa, na silinda inapiga chupa ya nyuma. Ndiyo sababu kosa linatokea mara mojamoja na halionekani ukilisubiri.

Dawa ni kutenganisha kazi hizi mbili. Ukaguzi ukimalizika, jibu liende PLC kwanza. Picha inakiliwa kwenye foleni ndani ya RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), kisha kazi nyingine inayojitegemea ndani ya programu inaichukua humo na kuiandika kwenye diski kwa nafasi yake. Programu nyingi za kamera za viwandani zina chaguo la kuhifadhi nje ya mzunguko wa ukaguzi. Litafute kwenye mipangilio kabla ya kumwita mtu wa kuandika programu. Foleni iwe na kikomo, kwa mfano picha 100. Ikijaa, picha mpya itupwe na kaunta ihesabu ngapi zimetupwa. Kamwe ukaguzi usisubiri diski. Na folda ya picha iondoe kwenye orodha ya vinavyokaguliwa na kizuia virusi, kwa idhini ya anayesimamia kompyuta hizo.

Sasa tuje kwenye ukubwa. Chupa 57,600 kwa siku, asilimia 2 ni rejekti 1,152. Kwa GB 200 kuisha ndani ya siku 12, kila picha ina MB 15 hivi, na hiyo inanionyesha kwamba mnahifadhi BMP, faili la picha isiyobanwa, ya rangi ya biti 24, yaani baiti tatu kila pikseli. Hapo mnalipia nafasi mara tatu bila sababu. Kamera ya rangi ya aina hii ina kihisi chenye vichujio vya nyekundu, kijani na bluu vilivyopangwa kama dama, na kila pikseli hupima rangi moja tu. Picha inayotoka kwenye kihisi ni pikseli 2448 kwa 2048, baiti moja kila pikseli: MB 5. Zile MB 10 za ziada ni rangi ambazo programu imekisia kutoka kwa pikseli jirani. Hifadhi picha ghafi kama PNG ya kijivu (PNG hubana faili bila kupoteza chochote), na rangi zitengenezwe wakati wa kuifungua. Andika kwenye kumbukumbu mpangilio wa vichujio vya kamera yenu, la sivyo baadaye nyekundu itageuka bluu.

Kisha kata picha. Kama chupa inachukua pikseli 900 kwa 2000, kilichobaki ni mkanda na ukuta. Ukikata unabaki na MB 1.8, na PNG mara nyingi itaishusha hadi MB 1 au 1.2. Anzia kukata kwenye pikseli yenye namba shufwa, mlalo na wima, vinginevyo mpangilio wa vichujio unahama na rangi zinaharibika. Hili huwaponyoka wengi.

JPEG itumike pia, lakini kwa kazi yake. Ubora wa 90 unaweza kuifanya picha hiyo iwe KB 300 hivi, na inamtosha meneja anayetaka kuona lebo imekaa upande. Ila JPEG hukandamiza picha kwa vipande vya pikseli 8 kwa 8 na kuvuruga kingo, na ujazo wa mafuta unapimwa kwa kingo. Usirekebishe kipimo chochote kwa picha ya JPEG. Wala usigeuze picha ghafi ya kihisi kuwa JPEG. Itengeneze rangi kwanza. Ningehifadhi JPEG kwa rejekti zote, na PNG ghafi kwa 100 tu kwa siku: chache za kila aina ya kasoro, pamoja na chupa zilizopita au kukataliwa kwa tofauti ndogo sana. Hizo za mpakani ndizo zenye thamani siku mnapobadilisha mipangilio na kutaka kuijaribu upya. Hapo mnatumia chini ya GB 0.5 kwa siku, na GB 160, yaani asilimia 80 ya nafasi ya diski hiyo hiyo, zinatosha zaidi ya siku 300.

Picha zisichorwe mistari wala maandishi juu yake. Vipimo, sababu ya kukataliwa na mahali kasoro ilipo viingie kwenye hifadhidata ndogo ya SQLite pamoja na jina la faili. Folda iwe ya siku, ndani yake folda za saa. Faili laki moja ndani ya folda moja zitaigandisha kompyuta kila mtu akizifungua. Jina liwe kama 20250714_140512_0831_KIFUNIKO. Hiyo 14 ndiyo saa nane mchana ya kwenye daftari la zamu, kwa hiyo bandika jedwali la saa karibu na kompyuta. Bila hilo mtu atatafuta picha za saa nane kwenye folda ya 08 na kusema hazikuhifadhiwa.

Lebo zikiisha kwenye roli, chupa 300 zitakataliwa mfululizo kwa sababu ileile. Hifadhi 20 za kwanza, kisha moja kila 50, huku hesabu kamili ikiendelea kwenye hifadhidata. Na kwa vumbi la Dodoma wakati wa kiangazi, ukiona doa limekaa pikseli zilezile kwenye picha kumi mfululizo, hiyo si chupa. Futa kioo cha kinga cha kamera.

Ufutaji uwe wa kujiendesha: diski ikifika asilimia 80, folda ya siku ya zamani kuliko zote iondoke. Picha ziwe kwenye diski tofauti na ya Windows, na faili liandikwe kwa jina la muda kisha libadilishwe likikamilika, ili umeme ukikatika usibaki na nusu picha inayoonekana nzima. Kompyuta iwe kwenye UPS, betri ya akiba inayoishikilia umeme ukikatika.

Ukimaliza, jaribu. Tia alama chupa 20 zisizo na vifuniko, zipitishe mfululizo kwa kasi kamili huku mwenzako akifungua folda ya picha kwenye kompyuta hiyo hiyo. Silinda itoe 20, na picha ziwe 20. Zikipungua picha lakini silinda ikapata zote, ongeza foleni. Silinda ikikosa hata moja, bado kuna mahali ukaguzi unaisubiri diski. Patafute kabla ya kuirudisha laini kazini.