Usikate kona ya gereji kwa jipsamu, nimelipia hilo somo

Mkuu simama kwanza. Unasema unataka kukata kona ya gereji kwa jipsamu iwe mapokezi, ukuta futi 8 tu ili kubana matumizi, mlango utokee huko huko kwenye magari, halafu unatuuliza sofa za rangi gani na TV inchi ngapi. Achana na sofa! Hicho ulichochora ndicho nilichojenga mimi 2019, kikala milioni 4 na ushee, na baada ya miezi 7 nikakibomoa kwa nyundo.

Fundi aliniambia bosi, ukuta kufika kwenye bati ni kutupa hela, juu pakiwa wazi ndo hewa itazunguka. Kilichozunguka ni vumbi la pati, ile ya kuziba mabonde kwenye gari kabla ya rangi, na ukungu wa rangi, kijana akianza kupulizia tu huko nyuma mapokezi yote yananuka, maana ukungu unaingilia juu na mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa kwahiyo unatambaa sakafuni unapita chini ya mlango. Nikafunga AC. Muuzaji akaapa itasafisha hewa, muongo mkubwa yule, AC ya split inavuta hewa ile ile ya ndani, inaipooza inakurudishia, hakuna hewa mpya hapo.

Siku moja akaja mama na mwanae mwenye pumu, wamekaa kwenye kochi wanasubiri breki, mtoto akabanwa kifua. Tukambeba mbio mpaka nje, mama anatafuta inhela kwenye pochi mikono inatetemeka. Akapona, ashukuriwe Mungu, lakini mlio wa kile kifua bado ninao masikioni. Hadina, ile dawa ya kugandisha inayochanganywa kwenye rangi za gari za 2K, ina kemikali ya isosayaneti, ambayo inajulikana kabisa kuwaletea mafundi rangi pumu, na fundi angalau anavaa maski, mteja wako atavaa nini?

Tofali mpaka kwenye bati, uzibe mpaka ule upenyo wa juu ya ukuta, na mlango wa wateja utazame barabarani, usitokee kabisa kwenye magari. Mteja akitaka kuona gari lake muwekee kioo kisichofunguka. Hela ikiisha hapo waweke viti vya plastiki, hakuna atakayelalamika.

Fundi wako akisema tofali ni ushamba, weka hapa ramani leo kabla hajashusha hizo bodi, nitakuonyesha pa kuhamishia mlango.