Mwenye Noah anataka nisaini sina madai, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo wakili. Nauza dagaa mwaloni Kibirizi, Kigoma. Machi 2024 nilikuwa abiria wa bodaboda maeneo ya Mwanga, Noah ikakata kona ghafla ikatugonga. Nilivunjika mguu, nikawekewa vyuma, mpaka leo nachechemea. Dereva alikiri kosa mahakamani akalipa faini. Sasa mwenye gari ananipa laki tatu nisaini kwamba sina madai tena, eti kesi ilishaisha. Mimi nilikuwa naingiza laki moja na nusu kwa siku. Nisaini? – Mama Dagaa, Kibirizi

JIBU: Marahaba, mama. Usisaini. Faini ile imekwenda serikalini, mguu wako haujalipwa hata senti. Iliyoisha ni kesi ya Jamhuri na dereva. Yako ya madai haijafunguliwa. Na kule kukiri kwake ni mtaji wako: kaombe nakala ya hukumu, uiweke pamoja na PF3, ile fomu ya polisi uliyotibiwa nayo.

Utakaowashtaki ni dereva na mwenye gari, lakini mfuko wenye hela mara nyingi ni wa kampuni ya bima. Kila gari linalotembea barabarani lazima liwe na bima ndogo walau, ile inayolipa watu wengine walioumizwa na gari, na ipo kwa ajili ya watu kama wewe. Uliza trafiki namba ya stika ya bima. Kama kampuni bado haijaarifiwa, wakili wako aiandikie mapema.

Fidia ya maumivu na huo ulemavu hakimu ataikadiria mwenyewe akisoma ripoti ya daktari. Kazi ipo kwenye hasara uliyoitoa mfukoni na kipato ulichokosa. Hiyo lazima itajwe kwenye hati ya madai kwa tarakimu, kisha ithibitishwe. Hapa ndipo wafanyabiashara wetu wanapoangukia, maana dagaa hununuliwa kwa maneno alfajiri, na fedha hupita mkono kwa mkono.

Tuanze na hiyo laki na nusu. Ni mauzo, mama, siyo faida. Ondoa bei ya dagaa kwa wavuvi, ushuru, mbebaji, chumvi, magunia. Kinachobaki ndicho unachodai, na wakili wa bima atakuuliza hayo yote ukiwa kizimbani. Nenda kwenye ofisi ya mtandao wako wa simu uombe taarifa ya miamala ya miezi kadhaa kabla ya ajali. Wateja wako wa mikoani bila shaka walikuwa wanakutumia hela. Tafuta stakabadhi za ushuru. Daftari la mikopo, hata lenye harufu ya dagaa, lilete hivyo hivyo. Usilinakili upya, litaonekana la kutengeneza. Mvuvi aliyekuwa akikuuzia anaweza kuja kutoa ushahidi.

Jambo jingine: mwaka ule Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Usidai miezi hiyo kana kwamba ungeuza kama kawaida. Ukikamatwa hapo, hata ya kweli yatatiliwa shaka.

Risiti za dawa na nauli za kliniki ziambatanishwe. Binti uliyemlipa akupikie, aandike na kusaini alipokea kiasi gani.

Madai ya namna hii yana ukomo wa miaka 3 tangu siku ya ajali, kwa hiyo mwisho wako ni Machi 2027. Huyo bwana akikupigia tena, mwambie aandike barua.