Wasifu wa jukwaani: cherehani umeiacha wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi nguo, niko Ngamiani, Tanga. Napiga zeze huku miguu ikiendesha cherehani ya kukanyaga, sindano nimeitoa. Ule mlio ndio ngoma yangu. Watu wananiita Fundi, na jukwaani natumia jina hilohilo. Waandaaji wa onyesho moja huko Bagamoyo wameniomba wasifu wa maneno 100, mshereheshaji ausome kabla sijapanda. Wangu unaanza hivi: "Fundi ni msanii chipukizi mwenye kipaji cha kipekee. Alizaliwa mwaka 1991, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita. Alianza kupenda muziki tangu akiwa mdogo na ameshiriki matamasha mbalimbali." Rafiki yangu kasema huo unafaa kuombea kazi ya ulinzi. Niandikeje uchangamke bila kujisifu ovyo?

JIBU: Marahaba, fundi. Rafiki yako ana mdomo, lakini hajakosea.

Hebu soma tena barua yako. Sikufika mbali nikawa nimeshaiona miguu yako juu ya kikanyagio na kuisikia cherehani isiyoshona. Kisha nikafika kwenye wasifu, cherehani haimo! Umeiacha nyumbani. Wasanii wengi wenye muziki usio wa kawaida wana ugonjwa huu. Wakipiga soga wanasema mambo ya kukufanya uache chai ipoe, wakishika kalamu wanavaa suti ya kuazima.

"Kipaji cha kipekee" kifute leo hii. Kila atakayepanda usiku ule atakuwa nacho. Ukitaka watu wakuone wa ajabu, taja kitu chenyewe cha ajabu kwa jina lake na uache kukisifia. "Cherehani" ni neno linaloonekana, "kipekee" halionekani. Na hapo ndipo dawa ya hofu yako ya kujisifu ilipo: anayesema "sindano nimeitoa" hajajisifu hata kidogo, lakini ukumbi mzima umeshageuza shingo.

Mwaka wa kuzaliwa nao uondoe, pamoja na ndugu zako watano, Mungu awaweke. Bi Kidude, yule mwimbaji wa Zanzibar, jina lake hasa Fatuma binti Baraka, alifariki mwaka 2013 na mwaka wake wa kuzaliwa haukuwahi kujulikana kwa uhakika. Wasifu wake haukupungukiwa kitu. Ulikuwa na ngoma, unyago, sigara, na jina lenye maana ya kitu kidogo lililobebwa na sauti kubwa vile.

Sasa jambo ambalo pengine hukulifikiria. Unakuja Bagamoyo, na Bagamoyo zeze si kitu kigeni. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyeishi na kufanya kazi hapa mpaka alipofariki mwaka 2003, alizunguka dunia na ilimba, ile ala ya vibanzi vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, na zeze, na wapo watu watakaokaa mstari wa mbele waliomwona kwa macho yao. Kuna chuo cha sanaa hapa tangu mwaka 1981. Ukiwaambia "Fundi anapiga zeze, ala adimu ya asili", watakutazama tu. Kipya ulicholeta ni cherehani, basi itangulie. Zeze lifuate nyuma yake, kwa heshima.

Nimekuandikia rasimu. Penye mabano jaza mwenyewe:

"Sindano imetolewa, kitambaa hakuna, lakini cherehani inakimbia. Mchana inashona sare za shule Ngamiani, Tanga. Jioni mwenye nayo anafunga duka, anaweka zeze begani, na kikanyagio kilekile kinakuwa ngoma. Nyuzi za zeze lake ni [za nini?]. Mteja mmoja alifuata suruali yake, akasikiliza nyimbo tatu, akaondoka bila suruali. Usiku huu cherehani imesafiri kutoka Tanga juu ya [gari gani?], na kopo lake la mafuta, maana ikikauka inapiga noti zake yenyewe. Mpokeeni Fundi!"

Habari ya suruali nimeibuni ili uone ukubwa wa kisa kinachotosha: sentensi moja, mtu mmoja, kitu kimoja mkononi. Weka cha kwako cha kweli. Ukiiacha yangu, utarudi Ngamiani na barabara nzima itakuuliza suruali ni ya nani. Uchangamfu wa uongo haudumu mji ambao watu wanajuana.

Jina nimeliweka mwisho kwa makusudi. Watu hupiga makofi wakisikia jina. Ukilitaja mwanzoni, makofi yanapigwa mapema na mshereheshaji anasoma yaliyobaki juu ya kelele. Kwenye kijitabu cha ratiba, ambako mtu anasoma kimya, geuza: jina mwanzo. Kwa bango toa mstari mmoja tu, kwa mfano "Fundi wa Ngamiani: zeze na cherehani isiyo na sindano". Wakitaka tafsiri ya Kiingereza, sema mapema kwamba zeze libaki zeze, na maelezo mafupi ya ala hiyo yaandike mwenyewe. Ukimwachia mtafsiri, unaweza kujikuta unapiga fidla.

Sentensi ziwe fupi, kwa sababu zitapita kwenye pumzi ya mtu mwingine. Hili nililipia. Miaka ya nyuma nilikiandikia kikundi kimoja wasifu nilioupenda sana, sentensi moja ndefu yenye "ambaye" nne. Mshereheshaji alifika "ambaye" ya tatu, pumzi ikamwisha, akasema "na mambo mengine mengi, karibuni". Wapiga ngoma walikuwa bado wamesimama nyuma ya pazia wakisubiri kusikia jina lao. Halikutajwa. Tangu siku hiyo kila wasifu nausoma kwa sauti, nimesimama, mara mbili. Maneno 100 ya Kiswahili kwa mtu asiye na haraka ni kama dakika moja. Rasimu yangu haifiki hapo, na usiijaze. Dakika nzima ukumbini ni ndefu.

"Matamasha mbalimbali" badilisha kwa moja, utaje na mahali. Kama bado huna, kaa kimya. Harusi ya Pangani uliyopiga mpaka alfajiri inatosha kabisa. Na "hivi karibuni" usiitumie, maana wasifu huu utaendelea kunakiliwa miaka mitatu ijayo na watu usiowajua.

Utume kama maandishi ya kawaida ndani ya barua pepe. Usipige picha karatasi, mtu ataunakili na kukosea. Siku yenyewe mtafute mshereheshaji kabla watu hawajaingia, akusomee mara moja, umsahihishe. Na mguu wako ukae mbali na kikanyagio mpaka atakapolitaja jina.